Hoja Iliyowekwa Mezani

Nianze na kosa lenyewe, maelezo yafuate. Nilitafsiri neno "table" kinyume, kikundi cha akina mama kikachangishana fedha kwa ajili ya kisima ambacho hakikuwa kimeidhinishwa, na mwenyekiti wao aliponiuliza imekuwaje, nikawasingizia wafadhili.

Nyaraka zilikuwa mbili, zote za shirika moja la Marekani: ripoti ya wapima maji na muhtasari wa kikao cha bodi. Ripoti ilijaa neno hilo. Juu ya takwimu lilikuwa jedwali. Kwenye maelezo ya udongo na miamba lilikuwa usawa wa maji ya ardhini, ule mpaka ambao chini yake kila upenyo wa mwamba umejaa maji, nao hupanda masika na kushuka kiangazi. Hapo nilijipongeza kabisa. Nilimwaza mtafsiri mwingine akiandika "meza ya maji", nikacheka peke yangu. Muhtasari nikauingia kichwa kimevimba.

Humo bodi ilisema kwamba hoja ya kugharimia kisima ilikuwa "tabled" kwa kauli moja. Nikaandika: "Hoja iliwasilishwa mezani, na wajumbe wote wakaiafiki." Ukitazama vizuri utaona hata "wakaiafiki" niliipachika mwenyewe. Kauli moja na kuwasilisha havikukaa vizuri pamoja, nikaona sentensi inalegalega, nikaipiga msumari badala ya kujiuliza kwa nini inalegea.

Mimi Kiingereza cha vikao nimekipata kwenye mambo ya Bunge. Orodha ya shughuli za Bunge letu ina kipengele cha hati za kuwasilisha mezani, na utaratibu huo asili yake ni Uingereza. Kule London, kati ya upande wa Serikali na upinzani, ipo meza ya kweli. Waraka ukiwekwa mezani umeshafika mbele ya wabunge. Marekani neno ni lilelile, ila hoja huwekwa mezani ili isijadiliwe. Kitabu cha kanuni za vikao cha Henry Martyn Robert, kilichotoka mwaka 1876 na ambacho vyama na bodi nyingi za huko bado zinakifuata, kinaruhusu hoja isogezwe kando kwa muda, jambo la haraka lipite, kisha irudiwe. Hiyo "kwa muda" ndiyo yenye maneno. Mara nyingi hoja inawekwa kiporo, na viporo vingine havipashwi moto tena.

Wakubwa kuliko mimi walishajikwaa hapohapo. Winston Churchill, katika juzuu ya tatu ya kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili, iliyotoka mwaka 1950, anasimulia maofisa wa Kiingereza waliokuwa na waraka wa haraka, wakataka uwekwe mezani. Wamarekani wakakataa, wakidhani jambo zito linataka kufungiwa kwenye droo. Wakabishana sana kabla ya kugundua kwamba wote walitaka kitu kimoja. Lakini wale walikuwa kwenye chumba kimoja, wakaulizana. Mimi nilikuwa na kamusi rafuni, nikaona haya kuifungua kwa ajili ya neno la shule ya msingi. Kwa maneno magumu huwa naifungua bila kusukumwa.

Tafsiri yangu ilisomwa mkutanoni. Wakachanga sehemu yao, wakanunua mawe na kokoto, vikamwagwa pale palipopimwa. Fedha za wafadhili zikawa hazionekani. Mwenyekiti, mama mtu mzima, akanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hiyo meza waliyoiweka hoja yetu iko wapi, mbona haifiki?"

Nikaurudia ule muhtasari, safari hii na kamusi, na nikaliona kosa kabla sijamaliza ukurasa. Nilipompigia nilikuwa najua kila kitu. Nikamwambia wafadhili wamebadili mawazo, wazungu ndivyo walivyo. Akapoa. Akawaeleza wenzake vivyo hivyo, na katika kikao chao wakaandika kwamba shirika lile halina uaminifu. Kosa la kutafsiri ningeweza kulisema mbele ya yeyote. Hili la pili ndilo lililoninyima usingizi, maana watu wa bodi ile hawakuwa wamewaahidi chochote.

Hatimaye nilikwenda, nikalisema mbele ya kikundi chote, na malipo ya tafsiri nikayarudisha. Mweka hazina aliyahesabu, akaniandikia stakabadhi. Mama mmoja akauliza kokoto atainunua nani. Hakujibiwa, nami sikuwa na la kusema. Mwenyekiti aliuliza tu kama naweza kuwaandikia barua ya kuomba upya, bila malipo, na aisome kwanza mpwa wake anayefundisha Kiingereza. Aliisoma, akasahihisha mahali pawili. Barua imeshakwenda, pamoja na ya kulisafisha jina la shirika. Majibu bado.