Mjusi Mdogo wa Misitu ya Usambara

Ukishuka Mombo na kushika njia ya milimani, basi lako litapita karibu na maporomoko ya maji ya Soni, na baada ya kilomita 33 hivi utafika Lushoto, mji ambao zamani Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Joto umeliacha chini. Panda tena mpaka msitu wa Magamba, uone ukungu na miti mirefu iliyovaa kuvumwani.

Katika misitu ya Usambara, kwenye mawe na magogo yenye kivuli, huishi mjusi ambaye mwili wake, bila mkia, ni kama sentimita 5 tu. Mtaalamu Franz Werner wa Austria alimweleza mwaka 1895, na leo jina lake la kitaalamu ni Ancylodactylus africanus.

Ni ndugu wa mjusi kafiri wa nyumbani kwako, ila wanatofautiana. Yule wa nyumbani ana vidole vipana vinavyonata, hata hutembea darini kichwa chini. Huyu wa msitu vidole vyake ni vyembamba, naye hupanda kwa kucha. Mboni ya jicho lake ni ya duara. Hana kope za kupepesa, kwa hiyo hupangusa macho kwa ulimi! Ukimshika mkia atakuachia, na mwingine utaota. Jike hutaga mayai mawili yenye ganda gumu, akayaficha ufani.

Je, ana sumu, kama wasemavyo wengine? Hana hata kidogo. Chakula chake ni wadudu.

Sisi ndio hatari kwake. Mti ukikatwa, jua huingia na jiwe hukauka. Shamba la viazi si kwao, wala hawezi kuvuka tambarare yenye joto kutafuta msitu mwingine. Hasara hiyo si yake peke yake: mto Sigi, unaonywesha mji wa Tanga, hutoka katika misitu ya Usambara ya Mashariki. Kivuli kinachomtunza mjusi ndicho kinachotunza chemchemi.

Basi, wazazi, mtoto akiokota jiwe ampige mjusi, mzuieni na kumweleza. Nawe ukigeuza jiwe msituni, lirudishe lilivyokuwa. Huenda chini yake yapo mayai mawili.