Usiku wa Mtoto Anayenyonya

Naukumbuka wakati ambapo hapa Singida hakuna aliyeuliza mtoto mchanga alazwe wapi. Alilala ubavuni kwa mama yake, na kulipokucha akahamia mgongoni, ndani ya mbeleko. Siku hizi swali hilo linaulizwa mjini, Kiomboi na Manyoni, kwa sababu simu zimeleta ushauri mwingine: mlaze peke yake, mpangie saa za kunyonya, akilia mwache mpaka azoee, mkaze kwa shuka asishtuke. Wanaoupokea huuita ushauri wa kisasa, kumbe ni wa kale. Daktari Luther Emmett Holt wa New York aliandika mwaka 1894 kwamba mtoto aachwe alie, na Truby King wa New Zealand akaeneza ratiba ya kunyonyesha kila baada ya saa nne. Ratiba ya namna hiyo inaelewana na chupa, maana maziwa ya ng'ombe hukawia tumboni. Ya mama humeng'enywa upesi, na mtoto anaamka kwa sababu ana njaa kweli.

Mwili wa mama nao unautegemea usiku. Prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, na titi lisiponyonywa hupunguza kazi. Ukiyakata maziwa ya usiku katika wiki za mwanzo, mchana utasikia mama akilalamika kwamba hana maziwa, kisha uji unaanza mapema. Ndiyo maana WHO na UNICEF, katika hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji walizotoa mwaka 1989, walitaka mama na mtoto wakae pamoja saa 24 na mtoto anyonye kila anapohitaji. Tanzania nayo ilipiga hatua: watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41 katika utafiti wa 2004–05, na mwaka 2022 wakafika asilimia 64. Sioni sababu ya kuyarudisha nyuma mafanikio hayo kwa ratiba inayoelewana na chupa.

Watasema mama anachoka. Ni kweli, anachoka sana. Lakini kuamka usiku si ugonjwa. Watafiti waliowafuatilia Wahadza 33, watu wazima, kwa siku 20 katika nchi ya Ziwa Eyasi, jirani na Mkalama yetu, walipata jumla ya dakika 18 tu ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja. Kinachomwangusha mama ni kuamka usiku halafu kesho yake apike, achote maji na kupalilia alizeti, bila mama mkwe wala wifi wa kumpokea mtoto. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya siku 84 na saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mkulima na muuza mboga hawana hata hiyo.

Kuhusu shuka, tutenganishe kufunika na kukaza. Upepo wa Juni hapa kwetu unauma, na mtoto lazima afunikwe. Lakini aliyekazwa mikono hawezi kuipeleka mdomoni kuonyesha njaa. Hulala mno na kunyonya kidogo. Miguu iliyonyooshwa na kubanwa huharibu nyonga: Japani ilianza kampeni ya kuiacha desturi hiyo mwaka 1975 na tatizo likapungua sana. Itazame mbeleko: magoti yamekunjwa, mapaja yameachana, kifua cha mtoto kimelalia mgongo wa mama. Hivyo ndivyo nyonga inavyotaka. Na mtoto anayeanza kujigeuza asikazwe kabisa, maana akilalia tumbo hatajikomboa.

Wengine wanahofia mtoto kulaliwa, na hofu hiyo nisingependa ipuuzwe. Aliyekunywa pombe, au anayevuta sigara, asilale na mtoto mchanga kitanda kimoja. Aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo awe na sehemu yake hapo hapo karibu. Blanketi zito lisifike usoni, na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata baridi ikizidi. Mtoto alale chali, chini ya chandarua, mahali ambapo mkono wa mama unamfikia. Na wewe jirani wa mzazi, mpelekee uji, mfulie nepi, umchotee maji, ili mchana apate kulala na mwanawe.