Meza Mpya Ikikuja na Doa, Usikubali "Si Haionekani?"

Wasee, kuna jibu moja linaniudhi kuliko bei ya bando: "Si hiyo haionekani?" Umetoa pesa yako, umeletewa kitu kipya, umeona kasoro kwa macho yako mawili, halafu unaambiwa shida ni hayo macho. Leo tuongee kuhusu vanishi. Najua haisikiki kama stori tamu, lakini vumilia kidogo.

Mwezi wa nne, katikati ya mvua ya Nairobi, niliagiza meza ya kazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na riziki yangu ni hii ya kurekodi na kuandika, kwa hivyo meza kwangu si pambo. Ndiyo ofisi. Ndiyo inaonekana kwenye kila video. Niliweka akiba miezi mitano, tukaelewana 22,000, mbao ya mahogani, nikalipa 15,000 kwanza. Siku ya kuichukua, viungo vilikuwa vimekazana, droo zinateleza vizuri. Ila juu, upande wa kulia, kulikuwa na wingu jeupe kama mtu amepumulia kioo. Na ubavuni, vanishi ilikuwa imeshuka ikaganda, michirizi miwili kama machozi.

Nikamuonyesha fundi. Akacheka kidogo. "Kijana, weka kitambaa hapo, nani ataona? Ama nikupakie mkono mwingine juu, iishe."

Majibu yote mawili hayafai, na nitakuambia kwa nini.

Kwanza, vanishi si vipodozi. Mbao, hata ikishakatwa na kupigwa randa, bado inavuta unyevu na kuutoa. Ikivuta inavimba, ikitoa inanywea. Ukiacha upande mmoja wazi na mwingine umefunikwa vizuri, inaweza kujikunja. Ile ngozi nyembamba ya juu ndiyo inapunguza mchezo huo, ndiyo pia inazuia chai, jasho na mafuta ya mikono kuingia ndani. Iwe ni meza, gita ama kitako cha bunduki ya askari wa wanyamapori, kazi yake ni ile ile. Kwa hivyo mtu akikujibu "haionekani", anajibu swali ambalo hukuuliza. Swali ni: itadumu?

Pili, kila kasoro ina sababu yake na dawa yake. Lile wingu jeupe hutokea sana fundi akipulizia laka siku ya mvua. Thina iliyo ndani ya laka hukauka haraka, na ikikauka inapoza uso wa mbao. Unyevu wa hewani unatua hapo, unanaswa ndani, na laka inakuwa kama maziwa. Ukipaka mkono mwingine siku hiyo hiyo ya mvua, umefungia ukungu ndani na kuongeza mwingine juu. Dawa ni kungoja siku kavu, kisha kupulizia thina inayokauka polepole, kidogo tu. Laka inalegea, unyevu unatoka, wingu linapotea. Hiyo ni kwa laka. Vanishi ya mafuta ikishakomaa hailegei hivyo, kwa hivyo lazima kwanza ujue umepakiwa nini.

Ile michirizi inakuja wakati vanishi imepakwa nzito. Usiiguse ikiwa mbichi. Ngoja ikomae kabisa, ikwangue polepole kwa wembe, halafu msasa laini, halafu mkono mwepesi wa mwisho. Vipele vya vumbi navyo vinaondoka kwa msasa laini wenye maji. Lakini ukiona mikwaruzo ya msasa imekata nyuzi za mbao badala ya kufuata nyuzi, hapo hakuna njia ya mkato. Vanishi itaionyesha zaidi. Inatolewa yote, inaanzwa upya.

Nilirudi asubuhi moja yenye jua. Sikuenda kupiga kelele. Niliuliza tu, "Mzee, hii ni laka ama vanishi ya mafuta?" Aliniangalia vingine kabisa. Akaniambia ni laka, na kwamba aliipulizia jioni ya mvua juu kulikuwa na mteja mwingine anamsukuma. Karakana yake ni mabati juu na upande mmoja wazi. Hana chumba cha kukaushia. Na sisi wateja tunambana bei mpaka shilingi ya mwisho, halafu tunataka kitu kesho. Hiyo nayo lazima isemwe. Lakini haraka ya mteja mwingine haiwezi kulipwa na meza yangu. Nikamwambia kwa heshima kwamba ile 7,000 ipo, na itatoka kazi ikiisha.

Wingu liliondoka tukitazama wote wawili. Machozi yalingoja siku kadhaa yakomae ndipo akayakwangua. Ukiinama kwenye mwanga wa dirisha bado utaona mahali wembe ulipita, lakini ukipitisha kidole husikii kitu. Nililipa, na nimemtumia wateja wawili tangu siku hiyo.

Sasa, si kila fundi atakuwa hivyo. Ujue sheria iko nyuma yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na mkishindwa kuelewana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inashughulikia madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Wengi wetu tunadhani mahakama ni ya watu wa mashamba na magari. Meza ya 22,000 inaingia pia. Lakini weka ushahidi: picha, ujumbe wa M-Pesa, na maandishi ya mlichokubaliana, hata kama ni ya WhatsApp.

Kitu ambacho kinaniuma zaidi si vanishi yenyewe. Ni hii tabia yetu ya kitambaa. Nilipoacha chuo, nyumbani waliniomba nikiulizwa na majirani niseme niko likizo ndefu. Barabara ikitoboka tunamwaga mchanga. Bosi akichelewesha mshahara tunaambiwa tuwe wapole. Tumelelewa kuona kwamba anayetaja kasoro ndiye mkorofi, na aliyeifanya ni wa kuhurumiwa. Unaweza kumhurumia mtu na bado umwambie kazi haijaisha. Mimi naona hiyo ndiyo heshima ya kweli kwa fundi, kuamini kwamba anaweza kufanya vizuri zaidi ya alivyofanya.

Kwa hivyo ukienda kuchukua kitanda, meza ama kabati, iwe ni Gikomba ama kando ya Ngong Road, fanya haya kabla ya kutuma salio. Itoe kwenye kivuli. Inama uiangalie kwa ubavu, mwanga ukiteleza juu yake. Pitisha kiganja chote, si kidole kimoja. Bonyeza ukucha mahali pamefichika: ikiacha alama, haijakomaa. Fungua droo uangalie na upande wa chini, huko ndiko mkono wa fundi huchoka. Ukipata kitu, uliza imepakwa nini na lini, kwa sauti ya kawaida. Na pesa iliyobaki ikae kwenye simu yako mpaka mtakapomalizana.