Ana Milioni 25 za Kahawa na Anataka Gari la Mbio Tu: Altezza, Subaru au 86?

Pale Mbinga mjini kuna mshikaji mmoja, miaka 31, anauza spea za pikipiki. Familia yao ina shamba la kahawa huko milimani, na misimu mitatu mfululizo imemkalia vizuri. Nyumba anayo. Mke anaye, mtoto mmoja anaye. IST ya kubebea maboksi ya dukani anayo. Pembeni kaweka milioni 25 ambazo hazina kazi maalum, na kwa mtu anayelala na kuamka akiangalia video za magari, pesa ya hivyo inawasha usiku kucha.

Alichotaka sio gari la kwendea sokoni wala la kupigia picha harusini. Alitaka chuma cha mbio peke yake. Unakipeleka uwanjani, unakizungusha mpaka matairi yalie, unakirudisha nyumbani na kukifunika turubai.

Mke wake alipoambiwa alicheka kwanza. Halafu akauliza swali moja tu: "Baba watoto, utaliendeshea wapi?"

Jamaa akamjibu kwamba hilo litajulikana mbele ya safari. Akarudi kwenye simu.

Group la WhatsApp la washkaji wa magari likawaka wiki nzima. Mwishoni yakabaki matatu, na kichekesho ni kwamba yote yana injini ya lita mbili. Tofauti iko kwenye jinsi kila moja linavyoitumia.

Ya kwanza Altezza. Wengi mtaani wanaijua kwa taa zake za nyuma, lakini Altezza haziko sawa. Kuna AS200 yenye injini ya 1G, silinda sita, nguvu ya farasi 160 hivi. Hiyo ni ya kutembelea. Inayotafutwa na watu wa mbio ni RS200, yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne, gia sita za manyuo, farasi 210, na nguvu inakwenda matairi ya nyuma. Uzito kama kilo 1,340. Haina turbo, kwa hiyo ukitaka ikimbie lazima uipandishe mizunguko mpaka injini ipige kelele.

Ya pili Subaru Impreza WRX STI. Hapa group liligawanyika kama Simba na Yanga. Farasi 280, turbo, matairi yote manne yanavuta. Mapenzi ya Subaru Afrika Mashariki hayakuanza TikTok. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1997 Colin McRae aliishinda akiwa na Impreza. Watoto waliosikia hizo stori kwa wajomba zao ndio leo wananunua. Ila uzito wake ni karibu kilo 1,450, na kila kitu ndani yake ni ghali zaidi, kuanzia klachi mpaka turbo yenyewe.

Ya tatu Toyota 86, iliyotoka mwaka 2012. Injini imetengenezwa na Subaru, farasi 200, inasukuma kwa nyuma, na uzito ni kama kilo 1,230 tu. Kati ya zote tatu hii ndiyo iliyozaliwa kwa ajili ya kona. Tatizo lake ni moja: ukijumlisha bei ya Japan, meli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa uchakavu kwa gari lililozeeka, ile milioni 25 inaanza kuona aibu.

Moyo wake ulikuwa kwa Subaru. Alishaanza hadi kuulizia rimu za dhahabu.

Desemba ikafika, na watu wa Dar wakarudi nyumbani kula sikukuu. Rafiki yake wa toka shule ya msingi akaingia Mbinga na STI ya bluu, mlio unasikika kabla ya gari kuonekana. Kesho yake asubuhi akamrushia funguo. "Mwanangu, twende zetu ziwani. Endesha wewe."

Wasiofika huko waelewe kidogo. Mbinga iko juu milimani, na Ziwa Nyasa liko chini kabisa, kama mita 475 kutoka usawa wa bahari. Katikati yake kuna lami ya kilomita 66 hivi mpaka Mbamba Bay. Barabara inapinda, inashuka, inapinda tena, na upande mmoja ziwa linajitokeza ghafla likiwa na rangi ambayo simu haiwezi kuipiga vizuri. Kwa mtu mwenye STI mkononi, ile barabara inaongea. Inakwambia njoo.

Alikuja nayo kinoma. Kona tano za kwanza alicheka peke yake. Kona ya kumi alikuwa kimya, mikono imekaza. Gia ya nne muda wote, mguu kwenye breki kila kona, kanyaga achia, kanyaga achia. Rafiki yake naye yuko bize anarekodi video.

Halafu pedali ikawa laini. Mara ya kwanza akadhani ni viatu. Mara ya pili ikazama nusu. Mara ya tatu ilienda mpaka chini na gari likaendelea kwenda kama vile hajakanyaga kitu.

Mbele yake kona ya kushoto. Kwenye kona bodaboda inapanda, imefunga beseni mbili za usipa nyuma. Pembeni ya bodaboda, mama na mtoto wa shule wanatembea.

Alipiga gia ya tatu, akapiga ya pili, injini ikalia kama inapasuka, akavuta breki ya mkono. Gari likayumba, likasimama na tairi moja ndani ya mfereji. Hakuna aliyeguswa. Moshi ulikuwa unatoka kwenye matairi ya mbele na harufu ilikuwa ya kitu kilichoungua. Mama alimvuta mtoto, akaendelea na safari bila kugeuka. Mwenye bodaboda alisimama, akamwangalia jamaa ndani ya gari kwa muda, akaondoka.

Waliposhuka Mbamba Bay, taratibu mno, waliagiza samaki aina ya mbasa. Sahani ya jamaa ilirudi jikoni kama ilivyokuja. Video ilifutwa palepale ufukweni.

Siku mbili baadaye, dukani kwake, akaingia mteja anataka waya wa klachi. Alikuwa yule yule wa bodaboda.

"Kaka, juzi ulikuwa na haraka ya nini?"

Hakuuliza kwa hasira, na hapo ndipo palipouma. Jamaa alitafuta jibu akakosa. Akasema achukue waya bure. Yule mteja akakataa, akalipa hela yake kamili, akaondoka.

Jioni hiyo jamaa alikwenda gereji kwa fundi mzee anayemtengenezea IST.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeshasikia."

Mbinga ni ndogo, kila mtu huwa ameshasikia.

Mzee hakumsema. Alichukua kipande cha boksi akaanza kuandika. Breki, alieleza, kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa moto. Ukiongeza kasi mara mbili, moto unakuwa mara nne. Ongeza uzito, moto unaongezeka. Ongeza mteremko, hakuna nafasi ya kupoa. Pedi za kawaida zikipata moto sana zinaacha kushika. Mafuta ya breki nayo yakikaa muda mrefu yananyonya unyevu, yanachemka mapema, na yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unabonyea. Ndio maana pedali ilizama. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa zito, lina kasi, na dereva alisahau kuwa gia pia ni breki.

Halafu akasema neno ambalo jamaa analirudia mpaka leo: "Gari la mbio usichague kwa injini. Chagua kwa unachoweza kukiharibu na ukanunua kingine."

Wakapiga hesabu kwenye lile boksi. Kwa Subaru nzuri pesa yote inaishia kwenye kununua, matairi na pedi vinabaki vya mkopo. Kwa 86 pesa inaishia bandarini. Altezza RS200 ya manyuo, kavu, isiyo na kutu, ilipatikana Dar kwa milioni 11. Inayobaki inanunua pedi nzuri, mafuta mapya ya breki, seti mbili za matairi, helmeti ya maana, mikanda, na kiasi cha kukaa benki kusubiri kitu cha kwanza kitakachovunjika. Kwa sababu kitavunjika tu.

Akachukua Altezza. Group lilimcheka siku tatu. Farasi 210 mbele ya 280, wakasema kazeeka kabla ya wakati.

Likabaki swali la mke wake. Ruvuma hakuna uwanja wa mbio za magari. Kule Kiambu, Kenya, kuna mashindano ambapo barabara ya kawaida inafungwa na kila gari linapigiwa saa, na jamaa ameshaanza kuweka nauli. Lakini Mbinga mpaka Dar tu ni kama kilomita 1,000, Kenya bado. Huwezi kwenda kila mwezi.

Kwa hiyo kaomba eneo la wazi la mtu anayemfahamu, nje kidogo ya mji, udongo mtupu. Jumapili mchana, kahawa ikiwa imeshavunwa na hakuna mtu shambani, anapanga ndoo za plastiki kama koni, fundi mzee anashika simu na kupiga saa, mke anakaa kivulini na mtoto. Altezza inazunguka, vumbi linapanda, ndoo zinaruka. Rekodi ya kwanza ilikuwa sekunde 58. Sasa hivi iko 51. Ndoo zilizokufa ni tisa.

Ziwani bado anakwenda. Anakwenda na IST, gia chini kwenye mteremko, na akikutana na bodaboda yenye beseni za usipa anapunguza mpaka ipite. Juzi mmoja alimpungia mkono. Hakuwa na uhakika kama ni yule yule.

Haya wadau, na nyie mngechukua ipi kati ya hizo tatu? Na mngeiendeshea wapi?