Kwa Baisikeli na kwa Miguu: Kutoka Kirungu Hata Moba

Sisi tunaofundisha watoto tuna kosa moja: twazijua nchi za mbali kuliko njia iliyo nyuma ya shule. Seminarini tulisoma kwa Kilatini habari za vita vya Kaisari, tukaitaja mito ya Galia bila kukosa hata mmoja. Lakini tulifundisha Kirungu miaka saba kabla ya kuufuata kwa miguu ufuko wa ziwa lililo chini yetu. Sokoni tulikwenda, ndiyo, lakini kwa baisikeli. Na baisikeli inapoteremka haimruhusu mtu kutazama kitu isipokuwa mawe.

Wasioijua nchi yetu na waelewe hivi. Kirungu iko juu, Moba iko chini kando ya Ziwa Tanganyika, na katikati yao kuna mteremko wenye kona nyingi. Huko juu Mapadri Weupe walianzisha misioni mwaka 1893, nayo ikaitwa Baudouinville, kwa jina la mwana wa ndugu yake mfalme wa Wabelgiji, aliyekufa mwaka 1891. Ndipo hapo Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii, alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi (maana ufalme wa kale wa Kongo ulikuwa na mapadri wake). Juu kuna kanisa kuu na shule; chini kuna bandari na soko. Kwa hiyo anayetaka samaki hushuka, na anayetaka kusoma hupanda.

Jumamosi moja, mvua zilipokuwa zikiisha, mama wa nyumbani kwetu alitutuma chumvi na dagaa, ambao huku tunawaita ndagala. Tukatoka mapema. Njiani tuliwapita wanaume wakishusha magunia ya maharagwe ya milima ya Marungu juu ya baisikeli zao. Wao hawapandi, mmoja hushika usukani, mwenzake huvuta nyuma kwa kamba ili mzigo usimkimbie. Tuliwasalimu kwa kengele tu, kama wakubwa. Basi kwenye kona ya mwisho gurudumu la mbele likapasuka, nasi tukaingia sokoni tukiisukuma baisikeli, na wale wale wakatupita wakicheka kwa adabu.

Fundi aliitazama, akasema gundi imekwisha, ataipata mchana. Tulizunguka sokoni. Tuliona vitenge na sabuni vilivyofika kwa mashua, mihogo mikavu, mikebuka ya moshi iliyopangwa kama kuni. Unga hupimwa kwa kopo, na kopo huweza kuwa na kitako kilichogongwa kwa ndani. Mnunuzi mwenye akili hutia vidole kwanza. Sisi hatukutia, na mama wa nyumbani alitukumbusha jambo hilo jioni.

Jua lilikuwa bado chini. Tukaamua kufuata ufuko, bila kusudi lolote. Njia hupita kati ya mawe na maji; baisikeli haiwezi kupita pale. Tulivuka vijito viwili, viatu mkononi. Kila kijiji kilikuwa na ndagala walioanikwa mchangani, wakimetameta, na mtoto mwenye fimbo akifukuza kuku.

Katika kijiji cha tatu kijana mmoja alituona, akatua beseni lake upesi, akaingia nyuma ya nyumba. Tulimtambua. Alikuwa mwanafunzi wetu wa miaka miwili, yule aliyechelewa kupita wote. Kila tulipomwuliza sababu alijibu, “Ni ziwa, Mwalimu,” na darasa zima likacheka. Sisi tulidhani anatudharau. Tulikuwa tumemrudisha nyumbani mara tatu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa siku ya jaribio, naye akaandikiwa sifuri.

Mama yake akatoka, akatupa kigoda. “Karibu, Mwalimu. Umekuja kumfukuza hata huku?”

Hatukupata neno la kujibu. Akaendelea pasipo hasira: “Kengele ikilia, mtoto ni wako. Kabla ya kengele ni wangu, mimi na ziwa.”

Kisha akatueleza. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, zamani za karabai, siku hizi nyingi za betri. Mwanga huwaita samaki juu, nao huinuliwa kwa wavu mkubwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu maji yote yanang'aa, samaki hutawanyika, taa haina nguvu. Wavuvi hulala na kushona nyavu. Kwa hiyo kazi ni ya usiku wa giza. Mitumbwi hurudi alfajiri, na samaki lazima waanikwe mara moja, wasije wakaoza. Mama huyu ni mjane, hana mtumbwi. Mwanawe hubeba mabeseni ya wengine hata mchanga ujae, na ujira wake ni beseni dogo moja. Karo hutoka katika beseni hilo.

“Mwaka 2024 walipofunga ziwa,” akasema, “hakuchelewa hata siku moja. Utazame daftari lako.”

Ni kweli. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilipatana kuzuia uvuvi kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Siku zile kijana alifika kabla ya kengele. Lakini karo haikulipwa, nasi tulimrudisha nyumbani kwa sababu hiyo.

Tulikuwa tumemfundisha kwamba ziwa lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina kinachopita meta 1,400. Aliyaandika yote bila kosa.

Mchana alikuja nasi kuichukua baisikeli, kisha akatuonyesha njia yake ya kupanda, siyo barabara bali kijia kinachokata kona. Yeye alisukuma, sisi tulihema. Saa yetu ilihesabu saa mbili na dakika kumi tangu kwao hata lango la shule. Akasema yeye peke yake hukimbia, hupata saa moja na nusu. Hakutuuliza kitu kingine njia nzima.

Usiku tulifungua daftari la mahudhurio, na kando yake kalenda ya parokia inayoonyesha mwezi. Alama za kuchelewa zilijikusanya penye giza kama siafu. Penye mwezi mpevu karatasi ilikuwa nyeupe. Miaka miwili tuliitia sahihi kila Ijumaa, tusione.

Jumatatu tulimpa jaribio lile upya, akafaulu. Kisha tukampelekea mkuu wa shule daftari na kalenda. Alizitazama kwa muda mrefu, maana ni mtu wa haki, halafu akauliza: “Mwalimu, tupige kengele kwa kuufuata mwezi? Na wale wa milimani, tuwapigie kwa kufuata nini?”

Hatujapata jibu. Mwezi utaandama juma lijalo, na karo ya muhula bado haijatimia.