Saa Ambazo Hazikuandikwa

Nilianza kazi ya uuguzi na ukunga mwishoni mwa miaka ya 1980, kwenye kituo cha afya kimoja cha vijijini mkoani Dodoma. Rosta ilikuwa na zamu tatu: asubuhi, jioni na usiku. Wodi ya wazazi ilikuwa na wakunga wawili kila zamu, na mhudumu wa kuchota maji na kuwasha karabai. Mwenzako akifiwa au mtoto wake akiugua, ulimshikia zamu, naye siku yako ikifika alikushikia. Hakuna aliyewaza kulipwa, kwa sababu deni lilirudi.

Katika miaka ya 1990 serikali ilisimamisha ajira kwa sababu ya masharti ya uchumi ya wakati ule. Waliostaafu pale kituoni hawakupata warithi. Hakuna mtu aliyetuita kikao kutuambia kuwa zamu tatu zimekuwa mbili. Tuliona tu rosta mpya ukutani, usiku ukiwa na jina moja. Siku ya kupumzika iliandikwa kama kawaida, lakini ilikuwa siku ya kugongewa mlango.

Nataka nieleze usiku wa namna hiyo, maana watu wengi hudhani saa za ziada ni kuchelewa kidogo kutoka. Mkunga yuko peke yake na wajawazito watatu walioshikwa na uchungu. Kila nusu saa anatakiwa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuyaweka kwenye patografu. Mmoja wao uchungu unakwama. Inabidi apelekwe hospitali ya mkoa mjini, na sharti muuguzi amsindikize. Basi mkunga anamwamsha mwenzake aliyelala kwake amshikie wodi, naye anapanda gari. Masika korongo likijaa, gari linasimama ukingoni mpaka maji yapungue, dripu mmeining'iniza kwenye dirisha. Mnafika mjini kumekucha. Unamkabidhi mgonjwa, unaanza kutafuta usafiri wa kurudi, na ukifika kituoni jioni zamu yako nyingine ya usiku inakungoja. Ukifungua vitabu utakuta jina la mama yule, umri wake, uzito wa mtoto, saa aliyozaliwa. Saa za mkunga hazimo popote.

Bibi mmoja wa Kigogo, aliyekuja kumuuguza mjukuu wake, alinikuta pale jioni, usiku na asubuhi. Akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mwanangu, kwani wewe huna kwako?" Nilikuwa nako, na wanangu walikuwa wakilelewa na dada yangu.

Sheria ilikuja kusema wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwamba siku ya kazi isizidi saa 12 hata ukijumlisha za ziada. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Niliisoma kwenye semina ya chama cha wafanyakazi nikafurahi sana. Niliporudi kazini nikakuta kwetu fedha hiyo inaitwa posho, na posho hutolewa kituo kikiwa na makusanyo ya ada za wagonjwa.

Hapo ndipo penye jeraha lenyewe. Kwa sera yetu, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hawachangii gharama. Ni sera njema, nimeona imeokoa maisha, na sitaki iguswe. Lakini matokeo yake ni kwamba wodi inayokesha kuliko zote ndiyo isiyoingiza kitu kwenye makusanyo. Mganga mfawidhi akifungua hesabu za mwezi, anachoweza kugawa ni kidogo, nao wakunga wanaambiwa wasubiri.

Wakati huohuo majengo yaliongezeka. Mpango wa afya ya msingi ulioanza 2007 ulitaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Baadaye vituo vingi vikapewa vyumba vya upasuaji. Wanawake waliokuwa wakijifungulia nyumbani wakaanza kuja, tulivyokuwa tukiwahimiza miaka yote. Kisha 2016 ajira zikasimama tena kupisha uhakiki wa watumishi, wakati serikali ikitangaza kuhamia Dodoma na kuleta watu zaidi. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walistahili kuondoka, lakini zamu za wale wa sekta ya afya zilibaki, tukazigawana sisi. Na watu wa kuhudumiwa waliongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.08 mkoani, ya 2022 ikahesabu milioni 3.09.

Nilistaafu 2022. Mwaka ule Mei Mosi kitaifa ilifanyika hapahapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, na siku chache baadaye ikatangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 ya kima cha chini cha mshahara. Tulishangilia kwa haki. Saa za usiku zilibaki zilivyokuwa.

Siku hizi nikienda kuona wagonjwa nawakuta vijana waliohitimu uuguzi, wana leseni, hawana ajira, nao wanajitolea. Wanapangwa usiku kama sisi, wanafunga vidonda, wanazalisha. Zamani tulikosa malipo ya saa za ziada. Hawa wanakosa ya mwezi mzima, nauli ya bodaboda wanaombana wenyewe kwa wenyewe. Sioni kama tumepiga hatua hapo, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyeipenda kazi hii tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi viongozi wa wodi: wekeni daftari la saa ya kuingia na saa ya kutoka, na safari za rufaa ziandikwe humo, kila mmoja asaini, wanaojitolea pia. Na nawaomba wakurugenzi wa halmashauri waliombee daftari hilo fungu lake kwenye bajeti, lisitegemee makusanyo ya wodi ambayo kwa sera yetu wenyewe haikusanyi.