Kutoka Alama Kumi Hadi Hoja Moja

Kabla sijaandika skripti hata moja, nilikuwa nimesikia uhakiki wa gemu kwa miaka mingi bila mtu yeyote kuuita hivyo. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, enzi za PlayStation 2 iliyounganishwa na TV ya chogo, vijana walibishana kutwa: Winning Eleven ipi ina mashuti mazuri, misheni gani ya San Andreas ni ngumu kuliko zote, kwa nini toleo jipya halifai kulitoa la zamani mashineni. Ubishi haukuishia kwenye maneno. Mtu akidai kwamba kipa wa toleo fulani anafungika kirahisi kwa krosi, alipewa pedi athibitishe. Akifunga, wote walikubali. Akishindwa, alikaa kimya na mechi ikaendelea.

Shule yangu ya pili ilikuwa vibanda vya video. Huko tulimsikiliza Lufufu, Kapteni Derek Gasper Mukandala, akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe. Wengi tulizifuata filamu zile kwa ajili yake. Mimi nilivutiwa na namna sauti yake ilivyokwenda na picha: kwenye mapigano maneno yalikuwa mafupi, na pale waigizaji walipokaa kuzungumza yeye alipata nafasi ya kutueleza nani ni nani na anataka nini. Sikujua kwamba nilikuwa najifunza kuandika. Leo, nikigawa ukurasa wa skripti pande mbili, maneno kushoto na picha kulia, nafanya kwa kalamu kile alichokuwa akikifanya kwa mdomo.

Nilipoanza kutengeneza video za uhakiki, umbo lililokuwa mbele yetu sote lilikuwa la majarida ya Kiingereza. Kulikuwa na sehemu ya picha, sehemu ya sauti, sehemu ya hadithi, sehemu ya uchezaji, na mwishoni alama juu ya kumi. Umbo hilo lilinipa nidhamu. Lilinilazimisha kuicheza gemu vya kutosha ili kila sehemu iwe na jambo la kusemwa. Video zilikuwa na taarifa nyingi, na watu walishukuru.

Aliyebadilisha uandishi wangu ni kaka mmoja mwenye kibanda cha gemu. Alikuwa anafikiria kununua diski mpya, akaitazama video yangu yote, kisha akaniambia: "Mdogo wangu, nimekusikiliza mpaka mwisho. Sasa ninunue au nisinunue?"

Kwake diski ni mtaji. Alitaka kujua kama wateja wawili wanaweza kucheza pamoja kwenye mashine moja. Alitaka kujua kama gemu inakwenda bila intaneti, maana bando lilitoka mfukoni mwake. Alitaka kujua mechi inachukua dakika ngapi, kwa kuwa yeye analipwa kwa mechi. Alama nane juu ya kumi haikujibu hata swali moja kati ya hayo. Tangu siku ile sikuanza tena skripti kwa jina la gemu na kampuni iliyoitengeneza. Nilianza kwa kujiuliza: nazungumza na nani, na mtu huyo yuko karibu kufanya uamuzi gani? Jibu liliandikwa kwa sentensi moja juu ya ukurasa, na sentensi hiyo ndiyo hoja. "Kama unachezea mashine ya zamani na bando lako ni la kuhesabu, subiri." Kila aya iliyofuata ilipaswa kuibeba hoja hiyo, na aya ambayo haikuibeba iliondoka, hata kama ilikuwa na maneno matamu.

Hoja pekee haitoshi kumshawishi mtu, na hilo nilifundishwa na matukio makubwa ya tasnia yenyewe. Mwaka 2016 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki kampuni ya Warner Bros. kwa kuwalipa watengeneza video maarufu waisifie Shadow of Mordor, gemu ya mwaka 2014, bila malipo hayo kuelezwa kwa watazamaji ipasavyo. Niliposoma habari hiyo niliongeza sentensi moja ambayo haijawahi kutoka katika skripti zangu: nani amelipia gemu hii. Kama nimeinunua, nasema. Kama nimepewa, nasema, tena mapema, kabla sijatoa sifa yoyote.

Mwaka huohuo wa 2016 ilitoka No Man's Sky, kazi ya Hello Games, studio ndogo ya Guildford, Uingereza. Ilikuja na ulimwengu wa sayari zaidi ya kwintilioni 18 zilizotengenezwa kwa hesabu za kompyuta, na hasira ilikuwa kubwa watu walipokosa mambo waliyoyatarajia, hasa kucheza na wenzao. Studio haikukata tamaa. Iliendelea kutoa masasisho ya bure, na lile la Julai 2018 lililoitwa NEXT lilileta uchezaji wa pamoja uliokamilika. Wahakiki wawili wangeweza kusema mambo yanayopingana kuhusu gemu moja, mmoja mwaka 2016 na mwingine 2018, na wote wakawa wakweli. Kwa sababu hiyo skripti zangu zikaanza kutaja tarehe na toleo nililolicheza. Hukumu isiyo na tarehe humpotosha mtu atakayeitazama video miaka miwili baadaye.

Somo zito zaidi lilikuja tarehe 10 Desemba 2020, ilipotoka Cyberpunk 2077 ya CD Projekt Red kutoka Poland. Wahakiki waliopewa gemu mapema walipewa toleo la kompyuta, tena kwa sharti la kutumia video zilizotolewa na studio. Sifa zikatangulia. Kisha wenye PS4 na Xbox One wakaifungua kwenye mashine zao, wakakuta gemu inayokwama, inayozimika, na picha zinazochelewa kujitokeza. Siku chache baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, na haikurudi hadi Juni 2021.

Mimi niliitazama habari hiyo kwa jicho la mtu wa huku. Mashine zinazopita mikononi mwetu mara nyingi ni za kizazi kilichotangulia, na nyingi ni za mitumba. Mtazamaji wangu hachezi kwenye kompyuta ya mamilioni. Kwa hiyo uhakiki usiotaja kifaa kwake ni nusu ya habari, na hiyo nusu ndiyo inayoweza kumtia hasara. Niliamua kwamba dakika ya kwanza ya kila video itataja kifaa nilichotumia, nimefika wapi katika gemu, na kwamba kila picha inayoonekana nimeirekodi mwenyewe. Ushawishi wangu uliongezeka kuanzia hapo. Watu walianza kunibishia kwa kutaja dakika na sekunde za video yangu, na ubishi wa namna hiyo ni heshima, kwa sababu mbishi amekubali kwamba kuna kitu cha kukagua.

Mwaka 2021 ilikuja zamu ya hasira. Kampuni ya Konami iliizika PES, jina jingine la Winning Eleven ya utoto wetu, na tarehe 30 Septemba ikaleta eFootball, gemu ya bure iliyotoka ikiwa na timu chache na nyuso za wachezaji zilizopinda. Konami yenyewe iliomba radhi. Nilikuwa na uchungu kama shabiki mwingine yeyote, na skripti ya uchungu huandikika haraka. Lakini uchungu wa mhakiki haumsaidii mtazamaji mpaka ugeuzwe kuwa kitu anachokiona. Badala ya kuandika "wametusaliti", niliandika pasi moja: mchezaji anapokea mpira, anageuka, mpira unapita katikati ya mguu wake. Nikaionyesha polepole, kisha nikaweka pasi ileile katika toleo la zamani ambalo vijana wa vibandani walikuwa bado wanalicheza. Baada ya picha hizo mbili sikuhitaji tusi lolote.

Kisha ikaja gemu iliyonijaribu kwa upande wa mapenzi. Aprili 2024 studio ya Surgent ilitoa Tales of Kenzera: ZAU, chini ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji walikuwa wakimfahamu kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Aliitunga kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, kumwomba amrudishie baba yake, na bei anayopewa ni roho kuu tatu. Tena gemu ina sauti za Kiswahili. Nilipowasikia wahusika wakizungumza lugha yangu nilitaka kuandika sifa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilirudi kwenye kazi ya hoja. Nilijiuliza: nikimwambia mtu anunue gemu hii kwa sababu ina Kiswahili, nimemwambia nini kuhusu gemu yenyewe? Jibu nililipata kwenye mibuyu. Katika safari yake Zau hukaa chini ya mbuyu, akaongea kuhusu baba yake na maumivu yanayomsumbua, na baada ya hapo uhai wake unaongezeka. Mtengenezaji angeweza kuweka dawa au silaha mahali pale. Ameweka maombolezo. Hoja yangu ikawa hii: gemu hii inafundisha kuomboleza kupitia vidole vya mchezaji, na ndiyo sababu ya kuilipia. Nilionyesha mbuyu mmoja, mazungumzo yake yote, na mstari wa uhai ukiongezeka, bila kusema neno juu yake.

Halafu nikampa mpinzani haki yake. Nilieleza kwamba maadui wa gemu hii wanajirudia, kwamba ni safari fupi, na kwamba mkongwe wa gemu za aina hii hatapata ugumu aliouzoea. Nilieleza pia kwamba haikutolewa kwa PS4, habari iliyokuwa na uzito kwa wenye vibanda kuliko sifa zote. Nilizisema kasoro hizo kwa nguvu ileile niliyousemea uzuri. Waliokuwa tayari kununua walinunua wakijua wanachopata, na ambao haikuwafaa waliokoa fedha zao. Kwangu mimi wote hao ni watu walioshawishika.

Hivi ndivyo skripti zangu zilivyo sasa. Sauti yangu husoma maneno kama 110 kwa dakika, kwa hiyo video ya dakika kumi haina nafasi ya zaidi ya maneno 1,100, na kila neno linagombania nafasi hiyo. Nasoma kwa sauti kabla ya kurekodi. Panapokata pumzi, sentensi inakatwa. Baada ya kutoa video naangalia mchoro wa YouTube unaoonyesha watazamaji wameondoka dakika gani, na mara nyingi wameondoka pale nilipoeleza kitu ambacho picha ilikuwa tayari imekionyesha. Alama juu ya kumi sitoi tena.

Wewe unayetaka kuanza kazi hii kwa Kiswahili, anza. Taja kifaa chako, taja nani amelipa, taja tarehe. Chagua hoja moja, ionyeshe kwa picha uliyorekodi mwenyewe, na umpe anayekupinga nafasi ya kweli. Wachezaji wetu wananunua diski na bando kwa fedha ya jasho, na wanastahili uhakiki uliofanyiwa kazi kwa kiwango hicho.